Mchezo Usiokubali Kukataliwa

Michezo ya kuchumbiana inayotokana na anime, yaani katuni za Kijapani, hujadiliwa vibaya kwa sababu anayeishambulia na anayeitetea wote wawili hutazama picha. Mmoja huona macho makubwa na sare fupi za shule, akahukumu kwamba huo ni upotovu wa wageni. Mwingine huona michoro safi na muziki wa kinanda, akahukumu kwamba hiyo ni sanaa. Namna mchezo wenyewe unavyokwenda haiulizwi: mchezaji hupewa nini cha kufanya, huzawadiwa kwa lipi, na mhusika akimkataa hutokea nini. Mimi nalishika hilo la mwisho. Kasoro kubwa ya michezo hii ni kwamba haijui kukataliwa, na kasoro hiyo hujitokeza wazi zaidi mchezo unapotoka kwenye anime maarufu kuliko unapobuniwa upya. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako kuna watu ambao kukataa kumewagharimu kazi, jambo hilo halifai kupitwa mbio. Nimezipa nafasi sauti nne zinazosikika kila suala la vijana na simu linapozuka: mzazi, mwalimu, mzee na mchezaji. Hawa si watu fulani. Ni hoja, na kila hoja nimeiacha iseme kwa nguvu zake zote kabla ya kuijibu.

Kwa asiyeifahamu michezo yenyewe, maelezo machache yatatosha. Kazi kubwa ya mchezaji ni kusoma. Nyuma kuna picha ya mahali, mbele amesimama mhusika, maneno yake yanapita chini, na kila baada ya muda mchezaji anapewa majibu mawili au matatu achague moja. Kila jibu linaongeza au kupunguza alama ambazo mara nyingi hazionekani, na jumla ya alama hizo ndiyo inayoamua hadithi itaishia kwa nani. Mchezo ulioipa aina hii umaarufu mkubwa Japani ni Tokimeki Memorial wa kampuni ya Konami, uliotoka mwaka 1994. Tangu hapo, anime nyingi za mapenzi ya shuleni zimepata mchezo wake. Toradora! ilipata wa PSP, mashine ya michezo ya mkononi, mwaka 2009. The Quintessential Quintuplets, hadithi ya Negi Haruba kuhusu mwanafunzi fukara anayewafundisha dada watano waliozaliwa pacha, ilipata wake mwaka 2021 kwa PlayStation 4 na Switch. PSP haitengenezwi tena, lakini tangu 2012 kuna programu ya bure iitwayo PPSSPP inayoiwezesha simu ya kawaida ya Android kucheza michezo yake, na mashabiki wameitafsiri baadhi kwa Kiingereza bila kulipwa. Faili moja kwenye kadi ya memori huhama kutoka simu hadi simu bila intaneti. Mwenye haki hapati hata senti, na hilo silitetei, ila ndivyo kitu cha Tokyo kinavyoweza kufika Litein bila kupitia duka lolote.

MZAZI: Mimi naamka alfajiri nichume chai, nabeba majani hadi kituo cha kununulia, nangoja lori la kiwanda, na bonasi ikitoka nailipia karo. Halafu likizo inafika, mtoto amejifungia chumbani anamsifu msichana wa katuni. Pesa ya bando hilo ingenunua sukari. Na hata kama ni bure, tumekosa nini sisi hata tufundishwe mapenzi na Wajapani? Simu ichukuliwe, na serikali ipige marufuku mambo hayo.

MWANDISHI: Mama, dai lako la pesa ni zito kuliko dai lako la ugeni, kwa hiyo nianze na lililo jepesi. Chai yenyewe ni mgeni Kericho. Kampuni za Waingereza zilianza kuipanda kwa biashara miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji wake waliondolewa kwa nguvu, na leo hakuna anayepokewa nyumbani bila kikombe. Tamthilia za Mexico zilijaa kwenye runinga za Kenya tangu miaka ya 1990, na nyingi hazikuwa na kingine ila mapenzi. Filamu za kareti na za bunduki zimesimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili cha mitaani, watu wakacheka, na hakuna aliyetoka ukumbini akiwa Mchina. Nchi hii imezoea kupokea hadithi ya mbali na kuitia maneno yake yenyewe. Kinachostahili kuulizwa ni kile ambacho hadithi hiyo inakifanya ikishaingia.

Kuhusu pesa, kuna aina mbili ambazo ni kosa kuzichanganya. Toradora! na Quintuplets ziliuzwa mara moja, kama kitabu, na ukishakuwa nacho hakikudai kitu zaidi. Mingine ya simu imejengwa juu ya bahati nasibu: unalipa, gurudumu linazunguka, unatumaini kumpata mhusika unayemtaka. Japani yenyewe ilishtuka, na mwaka 2012 mamlaka ya kuwalinda watumiaji ikaipiga marufuku aina moja ya mchezo huo wa bahati, ile iliyomtaka mtu akusanye seti nzima ndipo apate zawadi. Hiyo ni kamari iliyovaa mavazi ya mapenzi, na mzazi anayeizuia ana haki kamili. Marufuku ya serikali ni habari nyingine. Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, na watu wakapanga foleni Nairobi kuitazama. Kitu kinachohama kwa kadi ya memori kitazuiwa na bodi gani?

MWALIMU: Mimi siiogopi Japani, naogopa hesabu. Mvulana wa kidato cha tatu tayari anaamini kwamba akimnunulia msichana soda na chipsi basi msichana ana deni lake. Gemu hili linamthibitishia. Jibu sahihi mara kumi, moyo unafunguka. Msichana amekuwa kufuli, na maneno matamu ni ufunguo. Usipofungua leo, jaribu ufunguo mwingine. Tena usisahau umri: wahusika hawa ni wanafunzi.

MWANDISHI: La umri nalijibu kwa ufupi kwa sababu halina pande mbili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kijana wa miaka 16 kusoma hadithi ya hisia za watu wa rika lake ni jambo la kawaida, na riwaya nyingi za shuleni zimefanya hivyohivyo. Mchezo unaotoka kwenye hisia na kuanza kuuonyesha mwili wa mwanafunzi kwa ajili ya tamaa ya mtu mzima sina hata sentensi moja ya kuutetea.

La hesabu, Mwalimu, una haki zaidi kuliko unavyodhani, lakini hesabu peke yake haitoshi kuuhukumu mchezo. Tazama Tokimeki Memorial. Mchezaji ana miaka mitatu ya sekondari. Lazima asome, afanye mazoezi, ajipange, na asipofanya hivyo maneno matamu hayamsaidii. Akimfuata msichana mmoja na kuwapuuza wengine aliokwisha kuwajua, hasira ya aliyepuuzwa huonyeshwa kwenye skrini kwa alama ya bomu. Likilipuka, uvumi unaenea, na wasichana wote wanampunguzia heshima. Yaani kuna jamii. Kuna watu wanaozungumza mchezaji asipokuwepo. Na siku ya kuhitimu si yeye anayetangaza mapenzi. Msichana ndiye anayemwita chini ya mti na kusema, au hamwiti. Mwaka 1994, na mashine ya wakati ule, watengenezaji walikuwa wamekwisha kufikiri kwamba uamuzi uwe mkononi mwa anayependwa. Sisemi kwamba mchezo huo ni mtakatifu. Bomu lenyewe ni fundisho la kuwaridhisha wote kwa woga. Nasema tu kwamba hesabu inaweza kuandikwa kwa namna nyingi, na iliyoandikwa mapema haikuwa mbaya kuliko zote.

Tatizo lenyewe liko mahali pengine, kwenye kitufe cha kuhifadhi. Katika michezo hii ya kusoma, iitwayo riwaya-picha, karibu kila mara mchezaji anaweza kuhifadhi hadithi kabla ya kuchagua, kuona matokeo, na kurudi nyuma akichukizwa nayo. Programu ya Ren'Py, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2004 na ndiyo chombo cha waandishi wengi wadogo wa michezo hii duniani, inampa mchezaji uwezo wa kurudi hatua kwa hatua bila hata kuhifadhi. Kwenye simu anabonyeza kitufe cha kurudi, na sentensi aliyoisema inafutika. Katika hadithi ya upelelezi hilo halidhuru. Katika hadithi ya uchumba linabadilisha maana ya kila kitu, kwa sababu mhusika anayekataa hakatai tena. Anaonyesha tu kwamba mchezaji alibofya vibaya. Kukataa kwake kunakuwa habari kuhusu mchezaji, wala si habari kuhusu yeye mwenyewe na anachokitaka.

Hapa ndipo anime inapoingia, na ndiyo sababu naichukua aina hii iliyotokana na anime kuwa kesi kali kuliko zote. Mchezo uliobuniwa upya una wahusika ambao bado hawajaamua lolote. Quintuplets ina watu waliokwisha kuamua. Hadithi ya Haruba, iliyoanza 2017 na kumalizika 2020, ilifunguka kwa harusi na kumficha bibi harusi, kisha ikatumia majalada 14 kumfikisha mwanafunzi yule, Fuutarou, kwa Yotsuba, mmoja wa wale dada watano. Dada wanne walikosa. Sehemu bora ya hadithi hiyo, kwa maoni yangu, ni namna wale wanne wanavyojifunza kuishi na jibu hilo: Nino anayepigana hadi mwisho, Miku anayekubali polepole kwamba bidii yake haikupotea bure. Mchezo wa 2021 unawapeleka wote likizo ya kiangazi na kumruhusu mchezaji kumalizia kwa yeyote kati ya watano. Uamuzi uliochukua majalada 14 unapinduliwa alasiri moja. Kilichofutwa hapo ni kukataa kulikokwisha kutokea, kukashuhudiwa na kuumiza watu. Toradora! ya PSP ilitangulia kufanya hivyohivyo miaka 12 kabla, ikawafungulia njia wasichana ambao riwaya na anime zilikuwa zimewapita kwa ajili ya msichana mmoja, Taiga.

MCHEZAJI: Mwalimu, samahani nikukate kidogo, na wewe mwandishi pia. Mnaongea ni kama mimi ndiye nimekataliwa nikakasirika. Mimi sikukataliwa na mtu. Nino ndiye alikataliwa! Mimi namchezea yeye. Anime iliisha nikalia kwa ajili yake, na gemu inanipa saa mbili za kuona angekuwaje akipendwa. Na si wavulana peke yao. Sisi wasichana tuna zetu, ambapo ni wavulana watano wanatukatia sisi. Na hakuna mtu anadhani maisha ina kitufe cha kurudi. Tunajua ni gemu.

MWANDISHI: Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote zilizosemwa mpaka sasa. Kweli, michezo ya wasichana ina historia ndefu karibu sawa na ya wavulana. Angelique ya Koei ilitoka mwaka uleule wa 1994, na Ouran High School Host Club, anime iliyopendwa sana na wasichana, ilipata mchezo wake wa Nintendo DS mwaka 2009. Kwa hiyo anayesema kwamba michezo hii ni ya wanaume tu hajaitazama. Na kweli pia, shabiki wa anime haingii kwenye mchezo kama mtongozaji. Anaingia kama mtu aliyekata rufaa kwa niaba ya aliyeshindwa. Hadithi ilitoa hukumu, mashabiki wakabishana kwa miaka, na mchezo ukawa mahakama ambamo kila upande unashinda. Huruma inayomtoa mtu machozi kwa ajili ya Nino ni huruma halali, na sikubaliani na wanaoidharau kwa sababu tu Nino amechorwa.

Lakini rufaa hiyo inamnufaisha Nino kwa kumnyima kile kilichomfanya apendwe. Tulimpenda kwa sababu alijua anaweza kukosa, akasema hata hivyo. Katika njia yake ndani ya mchezo hakuna cha kukosa, maana mchezaji alimchagua tangu mwanzo na atarudi nyuma mara zote zinazohitajika. Ujasiri wake unabaki na maneno yaleyale ila hauna tena hatari. Na yule aliyechaguliwa na hadithi, Yotsuba, anageuka kuwa kizuizi kinachozungukwa kimyakimya. Mchezo mwema kwa mashabiki ungeweza kufanya kinyume: kukubali hukumu, halafu uandike miaka iliyofuata. Nino baada ya kukataliwa, akiwa mtu mzima, akikutana na mwingine. Hilo lingekuwa gumu zaidi kuliuza, nakubali, na huenda ndiyo maana lilikwepwa.

Kwamba aina hii inaweza kubeba uzito huo limekwisha kuthibitishwa. Doki Doki Literature Club, mchezo wa bure wa Team Salvato uliotoka 2017 na kutengenezwa kwa Ren'Py ileile, ulianza kama mchezo wa kawaida wa kuchumbiana na wasichana wa klabu ya fasihi. Kisha msiba unatokea, mchezaji anakimbilia kurudi nyuma kama alivyozoea, na anakuta hadithi aliyoihifadhi haipo. Mchezo unakitaja hata kitufe chake chenyewe cha kuhifadhi. Una maonyo ya wazi kwamba haufai watoto, na maonyo hayo yazingatiwe. Bado unaonyesha kwamba kutofutika kwa tendo kunaweza kuandikwa ndani ya mashine yenyewe.

Mchezaji, ulisema unajua ni gemu. Nakuamini. Hata hivyo swali langu halihusu kama utachanganya skrini na maisha. Linahusu mazoea tunayoyapa jina la burudani mahali ambapo maisha yameyazoea mambo hayohayo bila burudani. Februari 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilitangaza taarifa za wanawake zaidi ya 70 waliosema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Kericho ilikuwa katikati ya taarifa hizo. Kilichojirudia katika simulizi zile kilikuwa kimoja: anayegawa kazi alimwekea mwanamke kazi upande mmoja na mwili wake upande mwingine. Ukikataa, huna kazi, au unapewa kazi nzito hadi ubadili jibu. Yaani kukataa hakukuchukuliwa kuwa jibu. Kulichukuliwa kuwa hatua ya kwanza ya mapatano.

MWALIMU: Ngoja hapo. Hakuna msimamizi aliyejifunza hayo kwenye gemu la Kijapani. Umeruka mbali.

MWANDISHI: Hakuna, na ningelisema hivyo ningekuwa mwongo. Udhalimu ule una mizizi katika madaraka: mtu mmoja kumiliki orodha ya kazi, nyumba za laini za wafanyakazi na saa za kuingia, huku anayelalamika akikosa pa kwenda. Ungekuwepo hata kama Japani isingekuwepo. Ndiyo sababu nimekataa marufuku, kwa kuwa marufuku ingeugusa mchezo na kuacha orodha ya kazi mikononi mwa yuleyule. Uhusiano ninaouona ni mdogo kuliko unavyohofu. Jamii ambayo imeambiwa hadharani kwamba kukataa kwa wanawake wake kulipuuzwa kwa miaka ina haki ya kuwa na masikio makali kuliko nyingine. Ina haki ya kusoma kitabu, kusikiliza wimbo wa redioni au kucheza mchezo na kuuliza humo anayekataa anatendewaje. Msomaji wa Tokyo anaweza kulipita swali hilo. Wa Kericho lishamfikia mlangoni.

MZEE: Nyinyi wote mnazungumza kana kwamba uchumba ni wa watu wawili. Kwetu Wakipsigis kijana hakwenda peke yake. Ukoo ulitazamwa kwanza, kwa maana wa ukoo mmoja hawaoani. Wazee walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Kulikuwa na koito, kikao cha mahari, mursik yetu ya maziwa ya kugandishwa ikanywewa, mifugo ikatajwa. Na wazee wa upande wa msichana wangeweza kukataa, na ukikataliwa unakwenda zako. Gemu lenu halina baba, halina mama, halina senge, shangazi wa upande wa baba. Msichana anaishi shuleni tu kama hakuzaliwa!

MWANDISHI: Mzee, umeligusa jambo ambalo wapenzi wa anime wenyewe hulifanyia mzaha: wazazi katika hadithi hizi karibu kila mara wamesafiri, wamekufa au wana shughuli. Ni hila ya mwandishi. Wazazi wakiwepo, hadithi haiendi. Na kutokuwepo kwao ndiko kunakoacha kukataa kukiwa dhaifu, kwa kuwa hakuna wa tatu wa kulisikia jibu na kulikumbuka. Mbele ya mashahidi neno likishatamkwa halirudi. Hilo ni somo kubwa kutoka koito ambalo mtengenezaji yeyote wa michezo angefaidika nalo.

Ila naomba radhi, mzee, somo hilo halijakamilika. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder, aliyetafiti ndoa za Wakipsigis miaka ya 1980, alieleza kwa kina namna mahari ya ng'ombe, mbuzi na fedha ilivyojadiliwa baina ya wazazi wa pande mbili. Baina ya wazazi. Jibu la msichana lilikuwa ndani ya jibu la ukoo, mara likilindwa nalo, mara likimezwa nalo. Ukoo ungeweza kukataa asipotaka kukataa, na ukakubali asipotaka kukubali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 ilijaribu kuvishika vyote viwili: inaitambua ndoa ya kimila, inasema sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuithibitisha pale mahari inapohitajika, lakini inaweka miaka 18 na hiari ya wawili hao kuwa sharti. Bila hiari, hata ng'ombe wote wa Sotik hawafanyi ndoa. Kwa hiyo desturi inaukosoa mchezo, na sheria nayo inaikosoa desturi, katika jambo moja: nani ana mamlaka ya kukataa, na akikataa mashahidi wanafanya nini.

MCHEZAJI: Sasa kama ni hivyo, si tuandike yetu? Msichana anafanya kazi kiwandani, mama yake mchuma chai, kijana ametoka Kisii, wanazungumza Kiswahili kwa sababu hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Senge anaingilia kati. Nitaicheza.

MWANDISHI: Hadithi hiyo inawezekana kiufundi kuliko michezo mingine yote, na hilo halisemwi vya kutosha. Mchezo wa mbio za magari unahitaji kundi la watu na fedha. Riwaya-picha inahitaji mwandishi, mchoraji na kompyuta ya mkononi ya kawaida. Ren'Py ni ya bure, hutoa mchezo unaofanya kazi kwenye Android, na imejengwa tayari kwa ajili ya kutafsiriwa, hivyo hadithi moja inaweza kusomwa kwa Kiswahili na kwa Kipsigis bila kuandikwa upya. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga hahitaji ruhusa ya mtu yeyote ng'ambo. Na mseto uliousema ndio mseto halisi wa mashamba ya chai, ambako Wakisii, Wajaluo na Waluhya wamefanya kazi pamoja na Wakipsigis kwa vizazi, wakapendana kwa Kiswahili, na wengine wakafukuzwa kwenye nyumba zao mapema 2008 kwa sababu ya majina yao. Mwandishi atakayeliandika penzi hilo hatakosa vizuizi vya kweli. Hatalazimika kubuni dada watano.

MZEE: Na ukoo uwe na kura.

MCHEZAJI: Kura hapana, mzee. Sauti, sawa. Kura ni ya msichana.

MWALIMU: Na akimkataa huyo kijana? Mchezaji atarudi nyuma tu.

MWANDISHI: Hiyo ni amri ya mstari mmoja. Ren'Py inamruhusu mwandishi kuuzuia mchezo usirudi nyuma kutoka mahali anapopachagua. Akitaka, anauzuia papo hapo msichana anapotoa jibu, mbele ya mama yake na senge, na hadithi inaendelea na kijana aliyekataliwa akiwa bado na kesho ya kwenda kazini kiwanda kilekile. Mwandishi akiondoa pia kitufe cha kuhifadhi, mchezaji mkaidi bado anaweza kuufuta mchezo wote na kuanza upya, ni kweli, kama vile msomaji anavyoweza kurudi ukurasa wa kwanza. Lakini itambidi asome tena yote, pamoja na saa zile ambazo msichana alikuwa amekwisha kumwonyesha kwamba hataki, naye hakutazama kwa sababu alikuwa akihesabu alama.

MCHEZAJI: Watu watalalamika.

MWALIMU: Waache walalamike. Mimi ninachotaka kujua ni kama huyo kijana atapewa mwisho wake, au mnamtupa.

MCHEZAJI: Apewe. Mimi naanza kumwandika yeye kwanza.